Mahamri ya Waliokosa

Mama Mahamri hakutazama mieleka ili ashangilie. Aliitazama kama mtu anayesomewa hati ya shamba, ametulia, uso ameukunja, ncha ya leso ameibana mdomoni. Jumamosi alasiri ploti nzima ilijazana chumbani kwetu kwa sababu televisheni yetu ndiyo pekee iliyokuwa haijizimi yenyewe, na kila jitu moja lilipomwinua mwenzake na kumbwaga chini, watu walipiga mayowe hadi mabati yakatetema. Yeye alingoja mayowe yapungue. Kisha alielekeza kidole kwenye kioo.

"Mwamwangalia nani nyie?"

"Mshindi!"

"Ndiyo maana hamna pesa. Mwangalieni aliyeanguka. Mshindi kazi yake imekwisha, watu watakwenda makwao wakale. Huyu aliyelala hapa ndiye atakayewarudisha wiki ijayo, mje muone kama atainuka. Biashara iko kwa huyu."

Mama yangu alicheka. "Lakini dada, yale si maigizo? Wanapatana kabla ya kupigana."

"Na harusi je? Hawapatani kabla? Mbona waenda, tena na gauni jipya?"

Kwa miaka mingi nilihesabu maneno yale kuwa kichekesho, kimoja kati ya vingi vyake. Sikujua kwamba biashara yake yote ilikuwa imesimama juu ya maneno hayo. Naandika haya nikiwa na shaka ambayo haijaniacha tangu alipohama: kwamba mimi, niliyesoma biashara chuo kikuu miaka minne, ndiye niliyeiua biashara ile. Sina hakika. Sijawahi kuwa na hakika ya jambo lolote isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja nitaieleza.

Tuliishi Changamwe, katika ploti ya vyumba vinane, bomba moja na vyoo viwili. Chumba chake kilitazamana na chetu. Aliuza mahamri na mbaazi za nazi nje ya lango la kiwanda kimoja, mahali ambapo malori ya kontena yanapita na kuacha vumbi jeupe juu ya kila kitu, isipokuwa sufuria zake, alizozifunika kwa vitambaa tabaka tatu. Kila asubuhi vibarua walikusanyika pale kabla ya saa moja. Msimamizi alitoka, akawaonyesha kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Siku nyingine aliingiza arobaini, siku nyingine kumi. Kisha lango lilifungwa, na waliokosa walibaki nje wakijifanya kuna jambo jingine lililowaleta. Mmoja alifunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mwingine alitoa simu isiyo na chaji akaitazama.

Hapo ndipo Mama Mahamri alipofanya jambo ambalo sijaona muuzaji mwingine akilifanya. Alikuwa ameliweka kando beseni moja, chini ya meza, ambalo hakuliuza hata wateja wakimsihi. Lango likishafungwa alilifunua, akamimina chai, akampa kila aliyekosa hamri moja na kikombe. Hakusema neno na hakupokea pesa. Sharti lilikuwa moja tu: usiombe. Aliyeomba hakupata. "Hapa si kanisani," alimwambia, na yule mtu aliondoka ameona haya, na kesho yake alikaa kimya akapewa kama wenzake. Walikaa kwenye ukingo wa mtaro, wakala polepole, wakazungumza. Ghala gani linatafuta watu. Msimamizi gani amehamishwa, na nani ana shemeji huko. Naye Mama Mahamri alikuwa katikati yao akiosha vikombe, akisikia yote.

Wao waliyaita mahamri ya waliokosa. Yeye aliyaita tiketi.

Masomo yake yalitoka popote macho yake yalipoangukia. Kanisani kwao, siku ya mavuno, vinavyotolewa hupigwa mnada baada ya ibada, na mwaka mmoja alinichukua niende naye. Palikuwa na jogoo mmoja mwembamba, shingo haina manyoya, ambaye sokoni hata paka asingemgeukia. Wazee wawili wa kanisa walishindana juu yake mpaka bei ikafika ya mbuzi, kina mama wakipiga vigelegele. Tukiwa njiani kurudi, Mama Mahamri alinigeukia tulipokwisha kuvuka barabara kuu.

"Umemwona yule jogoo?"

"Nimemwona, mama."

"Alinenepa?"

"La."

"Basi kilichopanda ni nini?"

Nilifikiri sana, maana hivyo ndivyo nilivyo. Nilisema huenda ni mahitaji. Huenda ni imani.

"Macho," alisema. "Kilichopanda ni macho ya watu." Jumatatu yake aligeuza meza yake. Badala ya wateja kulitazama lango na kuipa barabara mgongo, sasa walikula wakiitazama barabara, ili kila anayepita awaone wanavyofurahia. Nilicheka kimoyomoyo. Baada ya wiki moja madereva wa malori walianza kusimama.

Juu ya madereva hao alikuwa na neno lake. Foleni ikisimama, wauzaji wa maji na karanga walikimbia kati ya malori, na wengi waliwauzia madereva kwa kuwapigia kelele. Yeye alisema dereva aliyekwama hanunui kwa njaa, hununua kwa uchovu wa kukaa. Kwa hivyo umpelekee kitu cha kumshughulisha mikono. Ndiyo maana aliwafungia mahamri katika karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ngumu kufunguka. "Akimaliza kuifungua," alisema, "gari la mbele limesogea, naye aona mimi ndiye niliyelisogeza."

Siyo masomo yote yaliyomfaa. Wakati mmoja alipenda tamthilia ya kigeni iliyotafsiriwa, ya mama tajiri aliyewafanya wageni wangoje ukumbini nusu siku kabla hajawatokea. Akaamua kwamba thamani imo katika kungoja. Siku tatu mfululizo aliwasimamisha vibarua mbele ya sufuria zilizo tayari, akijifanya anakoroga. Siku ya tatu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma: "Mama, twataka mahamri! Hatukuja kuposa!" Lango zima lilicheka, naye akacheka kuliko wote, akaanza kupakua. Jioni aliniambia kosa lake lilikuwa wapi. "Yule mwanamke wa televisheni hakuwa na lango linalofungwa saa moja."

Alikuwa pia mtu wa kupingana na maneno yake mwenyewe. Alisema ndugu ni wa kuzikana, si wa kuuziana, lakini binti wa dada yake alikula kutoka sufuria ileile kila asubuhi ya Mungu, na akalipa kama wateja wengine. Alisema riziki ni ya Mola, na sukari yake aliifungia katika debe lenye kufuli. Alimfukuza mtu mmoja kwa sababu alihesabu punje za mbaazi kwenye sahani yake, na kwa wiki nzima akamuulizia mbona haji.

Neno "mjasiriamali" hakulipenda. Shirika fulani lilikuja kuwafundisha kina mama wa biashara ndogondogo, likagawa fulana zenye maandishi mgongoni. Alikwenda siku zote tatu na akakaa mbele. Fulana yake ikawa kitambaa cha nne cha kufunikia sufuria.

"Waliwafundisha nini?" mama yangu alimuuliza.

"Kuota ndoto kubwa. Mimi naamka saa tisa za usiku kukanda unga. Nitaota saa ngapi?"

Matangani, alisema, usimtazame anayelia. Mtazame anayeuliza kuni ziko wapi, huyo ndiye wa kushirikiana naye. Nimelikumbuka neno hilo katika kila mazishi niliyohudhuria tangu hapo, na kila mara nimejikuta nikijiuliza mimi niko upande gani. Silii, na siulizi kuni. Nasimama karibu na ukuta nikifikiri kama nimesimama vizuri.

Elimu aliiheshimu kwa namna iliyonitia woga. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tano. Niliporudi nyumbani na shahada yangu, majirani waliuliza kuhusu kazi kwa miezi sita ya kwanza, kisha wakaacha kuuliza, na kule kuacha kukawa kubaya zaidi ya kuuliza. Yeye hakuuliza hata siku moja. Nikimwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, msomi wetu," kwa sauti ya kusikika mpaka bombani. Sikujua nifanye nini na jina hilo. Mchana nilikuwa naandika barua za kuomba kazi. Mara moja nilikaa siku mbili nikipima kama niseme naipenda kazi ile au naimudu, na siku ya tatu nafasi ilikuwa imefungwa.

Alasiri moja alikuwa ameketi kizingitini kwake akichagua mbaazi katika ungo. Aliniita.

"Msomi."

"Abee, mama."

"Nataka kujenga kibanda pale langoni. Mabati, meza, benchi. Mvua ya mwaka jana iliniingia kifuani, na ya mwaka huu sitaiweza. Lakini pesa yaja, yaenda, siioni inapopitia. Wewe umesoma mambo hayo. Nitazamie."

"Mimi, mama?"

"Kwani hapa kuna msomi mwingine? Huyo paka?"

Kwa wiki mbili nilimfuata langoni na daftari. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, nalisema kwa aibu. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa na haja na kile kilichokuwa kichwani mwangu. Niliandika unga, nazi, iliki, mafuta, makaa. Niliandika nani ananunua na saa ngapi. Sikuhitaji hata siku tano kuliona tundu la pesa zake. Lilikuwa chini ya meza, ndani ya beseni.

Nilimwambia jioni, akiwa anakanda. Nakumbuka unga ulivyokuwa ukimfika viwikoni.

"Mama, kila siku beseni zima latoka bure."

"Si bure. Ni tiketi."

"Tiketi ya nini? Wale ndio wasio na pesa."

"Leo hawana."

"Ukiliacha hilo beseni, kibanda utakipata kabla ya mvua. Nimehesabu mara tatu."

Aliendelea kukanda. Nilingoja anibishie kama alivyombishia kila mtu, kwa mieleka, kwa harusi, kwa jogoo wa kanisa. Nilikuwa hata nimejiandaa kushindwa. Hakubisha. Aliinua uso akaniuliza, "Una hakika?"

Nimelirudia swali hilo usingizini na nikiwa macho. Jibu la kweli lilikuwa kwamba sikuwa na hakika. Kwamba chuoni tulifundishwa kuhusu wateja waaminifu, na kwamba mahali fulani ndani yangu kulikuwa na sauti ndogo ikisema ngoja, tazama tena. Lakini sauti hiyo inasema ngoja kwa kila kitu. Ilisema ngoja nilipotaka kuomba kazi, ilisema ngoja nilipotaka kuvuka barabara. Nilikuwa nimechoka nayo. Nilitaka mara moja tu niwe mtu mwenye shahada.

"Nina hakika," nilisema.

"Haya," alisema. "Kitabu kimesema."

Jumatatu iliyofuata hakukuwa na beseni chini ya meza. Lango lilifungwa. Waliokosa walikuwa kama kumi na wanane. Walisimama, wakafunga kamba za viatu, wakatazama simu. Mama Mahamri alikunja vitambaa vyake kimoja kimoja. Karisa, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizoingia mvi, aliyekuwa akija langoni pale tangu niko shule ya msingi, ndiye aliyesema kitu.

"Mama, leo soko limekwisha mapema?"

"Leo nimeambiwa nifunge mapema," alijibu. Hakunitazama.

Hakuna aliyelalamika. Ungelalamikaje kwa kunyimwa kitu ambacho ulikatazwa kukiomba? Walitawanyika taratibu, wakiagana kwa adabu.

Kibanda kilisimama kabla ya mvua, kama nilivyosema. Tulikipaka rangi ya samawati. Yeye alikaa ndani yake siku ya kwanza ya mvua, miguu mikavu, akasema, "Msomi wetu!" kwa kila aliyepita. Na mimi, Mungu anisamehe, niliandika katika barua ya kuomba kazi kwamba nimeishauri biashara ndogo na faida yake ikapanda. Kwa mara ya kwanza sikupima sentensi hata mara moja kabla ya kuituma.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama mwingine aliyeuza chai na mandazi mepesi, yasiyo na nazi. Wale waliokosa walianza kwenda kukaa huko. Hakuwapa kitu. Alikuwa na benchi tu, na hapo hawakuwahi kukunjiwa vitambaa. Kwa kuwa aliyekosa leo huchaguliwa kesho, baada ya muda hata waliochaguliwa walinunua huko, mahali walipozoea kukaa. Niliona. Niliandika kwenye daftari kwamba ni msimu. Kisha nikaandika kwamba huenda ni mvua. Kisha nikaacha kwenda langoni, nikajiambia nina barua za kuandika.

Halafu kiwanda kikaacha kuchagua watu langoni. Kazi hiyo ilipewa wakala, aliyewaita watu kwa ujumbe wa simu na kuwapakia kwenye lori, mbali kidogo, kwenye njia panda iliyo karibu na kituo cha mafuta. Mama Mahamri alifika Jumatatu na sufuria zimejaa. Hapakuwa na mtu. Alidhani ni sikukuu iliyompita. Jumanne alidhani ni mgomo. Jumatano alipika nusu, Alhamisi robo, na siku zote nne alikaa ndani ya kibanda chake cha samawati akilitazama lango lililofungwa. Ng'ambo ya barabara nako hapakuwa na mtu. Mama wa mandazi alikuwa ameondoka tangu Jumapili, na benchi lake na birika zake.

Siku ya nne nilikwenda kuuliza. Nilimkuta Karisa njia panda, akila mandazi ameegemea ukuta. Mama wa mandazi alikuwa pale pale, mahali pazuri kuliko pote, kivulini, na nyuma yake wauzaji wengine wamekwisha kujipanga mpaka mtaroni. Hapakuwa na nafasi hata ya ungo.

"Yeye alijuaje?" nilimuuliza.

"Tulimwambia."

"Na Mama Mahamri?"

Karisa alitafuna mpaka akamaliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwanangu, habari kama hiyo humpa mtu mkiwa mmekaa. Mwazungumza hili na lile, nayo yatoka. Sisi kule kwake hatukuwa twakaa tena." Alipangusa ndevu. "Hatukumnuia mabaya. Tulisahau tu. Msalimie sana."

Sikufikisha salamu. Nilimwambia tu kwamba watu wamehamia njia panda na kwamba pamejaa. Alinisikiliza akiwa anakoroga sufuria ya robo. Akauliza nani yuko pale. Nilimtaja mama wa mandazi. Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu ambacho hakutaka nikijue. Hakusema ni kosa la nani. Mpaka leo sijui kama alijua.

Nimejaribu kulipanga jambo hili kila namna. Wakala angekuja hata bila ushauri wangu. Basi siyo mimi. Lakini lile beseni lingekuwepo, angeambiwa Jumapili kama mwenzake. Basi ni mimi. Lakini kifua chake, na mvua, na bei ya mafuta ya kupikia. Basi labda siyo mimi. Lakini kibanda kilichomzuia kuhama upesi ni mimi niliyemwambia atakipata. Nazunguka hivi mpaka mama yangu ananiambia nizime taa. Mtu mwingine angejitetea au angetubu. Mimi nafanya yote mawili kwa zamu na sipumziki.

Alijaribu kuuza ndani ya ploti, lakini majirani wa vyumba saba hawamalizi sufuria. Akauza mabati, akauza meza. Siku aliyohamia kwa binti yake Mishomoroni nilikuwa nimejifungia chumbani nikitunga maneno ya kumwambia. Niliyataka yawe mafupi na yasimfanye aanze kunibembeleza. Niliyaandika, nikayafuta, nikayaandika. Nilipofungua mlango, tuktuk ilikuwa imekwisha kuondoka, na mama yangu alikuwa akifagia mahali lilipokuwa debe la sukari.

Mwaka huu nimepata kazi, kama ni kazi, katika saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, huku Kisauni. Nawajazia watu fomu za mtandaoni. Watu wengi wa hapa wana simu, lakini fomu zinawatisha, na mimi fomu hazinitishi. Ni mahali pekee ambapo maswali yanakuja moja moja. Adhuhuri moja alisimama mbele ya meza yangu mwanamke aliyefunga leso mbavuni kwa namna niliyoijua kabla sijainua macho. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa safi, haina unga, na kwa sababu hiyo ilionekana kama ya mtu mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikaa. Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu watano. "Wewe ndiwe unayejaza?"

"Ndimi, mama. Mama, mimi nilitaka—"

"Uliza, mwanangu. Watu wangoja."

Alinipa kipande cha karatasi chenye anwani ya fomu. Ilikuwa kampuni ya usafi iliyotaka wafagiaji wa maghala. Nikauliza, akajibu. Jina. Mwaka wa kuzaliwa, aliousema upesi kama anayeruka dimbwi. Makao, Mishomoroni. Elimu, darasa la tano. Kisha swali la uzoefu wa kazi.

"Hapo wataka nini?"

"Kazi ulizofanya kabla, mama."

"Andika hakuna."

Niliondoa mikono kwenye kibodi. "Mama, ulikuwa langoni miaka zaidi ya ishirini."

"Andika hakuna."

"Naweza kuandika mpishi. Naweza kuandika mfanyabiashara. Ni kweli, si uongo. Wataipenda."

Alinisogelea kidogo, akashusha sauti ili wale wa nyuma wasisikie, kama mtu anayemwokoa mwenzake na aibu.

"Ukiandika mfanyabiashara, watauliza biashara iko wapi."

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa. Niliiacha nafasi wazi nikabonyeza kuendelea. Fomu ikakataa, ikaipaka nafasi ile rangi nyekundu. Yeye aliutazama ule wekundu, akanitazama, akangoja. Niliandika: hakuna.

Fomu ikakubali. Ukurasa uliofuata ulikuwa na swali moja tu, na nilimsomea: mwombaji anaweza kuanza kazi lini?

"Leo," alisema. "Waambie hata leo."